Anwani Zimekwisha, Wateja Wameshapanda Basi

Ndugu zangu, poleni na baridi. Nimeombwa nizungumzie waifai za biashara, nami nitashika jambo moja tu: muda ambao ruta inaikodisha simu anwani ya IP, yaani namba ambayo bila hiyo simu haiingii mtandaoni.

Nasema kukodisha, na ndivyo ilivyo. Ruta inatoa anwani kama gesti inavyotoa chumba, una saa yako ya kuondoka. Utaratibu huo, DHCP, umeelezwa kwenye waraka wa RFC 2131 wa mwaka 1997. Kwa kawaida nusu ya muda ikifika, simu huomba kimyakimya iongezewe. Isipojibiwa, kwenye asilimia 87.5 inaita mtandao mzima, yeyote mwenye uwezo aijibu. Muda ukiisha, lazima iiachie.

Sasa sikieni. Niliitwa mgahawa mmoja jirani na stendi, hapahapa Mbeya. Mama mwenye mgahawa alishapandisha kifurushi mara mbili, kwa sababu kila ikifika saa tano asubuhi wateja wanalalamika waifai haishiki. Nikafungua orodha ya ruta. Anwani za kugawa zilikuwa 100, kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199, na zote zina watu. Nikahesabu waliokaa mezani: 17. Wengine wako wapi? Wako njiani Tunduma, wako Kyela, wengine wameshapita Makambako! Walikunywa chai wakapanda basi, na chumba cha kila mmoja kimefungwa kwa saa 24. Iliniuma. Fedha za yule mama zilikwenda kwenye kasi, na kasi haikuwa na tatizo lolote.

Tukaweka dakika 60. Msishuke hadi dakika tano, tafadhali: huduma ya DHCP ikikwama kidogo tu, kila simu inapoteza anwani yake. Ofisini, kompyuta zikiwa zilezile kila siku, muda mrefu haudhuru. Windows Server, mfumo wa kompyuta kuu za ofisi, yenyewe huanza na siku 8. Printa itengewe anwani yake isiyobadilika.

Jioni mama akaniuliza, "Mwanangu, mbona orodha bado imejaa?" Nikamwambia, "Mama, walioingia asubuhi walipewa saa 24, na mabadiliko yetu hayawagusi. Subiri ziishe." Kesho yake saa tano akanipigia: simu zinaingia.

Haya, nani ana ruta yake hapa tuifungue?