Muhuri Anao Nani?

Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu zangu wafanyabiashara, asanteni kwa kunialika. Barua ya mwaliko inasema nizungumzie sheria na utamaduni wa biashara China, kwa kampuni zinazotaka kufungua ofisi kule. Nimepewa dakika 45 na nimeandaa mada sita. Wale walionisikia Arusha wanajua kwamba ya tatu sitaifika, na nawaona pale wameshaanza kucheka.

Tuanze na utamaduni ili tuumalize. Kadi ya biashara hutolewa kwa mikono miwili na kupokelewa kwa mikono miwili, na usiitie mfuko wa nyuma wa suruali halafu ukaikalia. Mezani, mwenyeji ndiye anayekuonyesha pa kukaa. Mkigonganisha glasi na mtu anayekuzidi cheo au umri, ukingo wa glasi yako uwe chini kidogo ya wake. Ukiwa Guangzhou, mtu akikumiminia chai, gonga meza taratibu kwa vidole viwili. Ndiyo asante yao. Hunywi pombe? Sema mapema, kabla chupa haijafunguliwa, kisha inua chai yako. Kuna shekhe aliniuliza hilo kwa wasiwasi mkubwa, kana kwamba mkataba utachanwa. Hauchanwi. Na mtu akikwambia jambo lako "tutalichunguza, tutalichunguza", mara mbili hivyo, hiyo ni "njoo kesho" ya kwetu. Mnaijua. Mnawaambia wanaowadai kila siku.

Basi, utamaduni umekwisha. Hayo mengine mkiyakosea watacheka na kuwasamehe, kwa sababu ninyi ni wageni. Mimi nimekuja kuuliza swali moja. Kampuni yako ya China, muhuri anao nani?

Sikuulizi nani mkurugenzi, wala nani mwenye hisa. Muhuri wenyewe, hii saa tunayoongea, uko kwenye droo ya nani?

Kwa ambao hawajauona: ni kitu cha kushikika kiganjani, na uso wake ni duara kama kizibo cha chupa ya chai. Jina la kampuni kwa Kichina limezunguka kama upinde, katikati ipo nyota ya pembe tano, na kwa chini tarakimu ndogo. Unachongwa na mchongaji aliyeidhinishwa na kuandikishwa polisi. Wino ni mwekundu. Karatasi huwekewa kitu laini chini yake, kisha muhuri unakandamizwa kwa uzito wa bega, maana alama ikitoka nusu nusu unaambiwa urudie. Mkataba ukiwa na kurasa nyingi, karani anazipanua kidogo kama mcheza karata, anagonga muhuri mmoja juu ya kingo zote kwa pamoja, kila ukurasa unabeba kipande chake. Ukichomoa ukurasa mmoja ukaweka mwingine, duara halifungi tena. Mimi nimeona mambo mengi ya sheria, lakini hilo nililipenda siku ya kwanza.

Huo ni muhuri mkuu. Kuna wa fedha, wa mikataba, wa ankara, na mdogo wenye jina la mwakilishi wa kisheria, yaani yule mtu mmoja aliyeandikishwa serikalini kutenda kwa jina la kampuni. Kila mmoja na kazi yake. Ila ule mkuu ndio mama yao.

Sasa niwape kisa. Nimekisimulia mara nyingi, nitakisimulia tena, na mwenyekiti asiangalie saa.

Kuna mzee mmoja, sitamtaja, anauza kahawa na ufuta nje. Dukani kwake ufunguo wa sefu anaufunga kiunoni kwa kamba, hata mwanawe wa kwanza hampi. Mzee huyu akafungua kampuni Guangzhou, hisa zote zake. Wakala akamwandikia makaratasi, mzee akatia sahihi pale alipoonyeshwa. Akaajiriwa meneja, kijana mwenyeji wa huko, mpole, anamwita mzee "baba" kwa Kiswahili. Kijana akaandikishwa kuwa mwakilishi wa kisheria, kwa sababu yuko pale na inarahisisha mambo. Akapewa mihuri yote, inarahisisha mambo. Akapewa na vile vidude vya USB vya benki, kimoja cha kuandaa malipo na kimoja cha kuidhinisha, vyote viwili droo moja. Inarahisisha mambo!

Mwaka wa tatu hesabu hazikai sawa. Mzee ananiita, tunapanda ndege. Tunalo azimio la mwanahisa la kumwondoa meneja, limethibitishwa kwa mthibitishaji, limepita wizarani, limepita ubalozini. Tunafika benki. Binti wa kaunta anatuletea maji ya moto kwenye vikombe vya karatasi, anasoma azimio lote, halafu anauliza: muhuri wa kampuni uko wapi? Mzee anasema, mimi ndiye mwenye kampuni. Binti anasema, ndiyo, jina lako naliona hapa. Muhuri?

Tukaenda ofisi ya usimamizi wa soko, ndiyo inayoandikisha kampuni, kubadilisha jina la mwakilishi wa kisheria. Wakatupa fomu. Chini ya fomu kuna nafasi ya kugonga nini? Jibuni wenyewe. [Ukumbi: "Muhuri!"] Eeh.

Hapo huwa kuna mtu ananyoosha mkono: si mngesema umepotea, mchonge mwingine? Ndugu yangu, muhuri haukupotea. Uko kwenye droo na mwenye droo anajulikana. Ukienda kuwaambia polisi umepotea umesema uongo polisi, tena nchi ya watu. Na ombi la kuchonga mpya linataka kitambulisho cha mwakilishi wa kisheria, ambaye ni huyo huyo kijana anayetuita baba.

Tukaenda mahakamani kudai turudishiwe mihuri na leseni. Mwaka mmoja na nusu. Tulishinda. Siku ya kukabidhiwa mzee akaushika muhuri, akaugeuzageuza, akaniuliza, "Wakili, ndiyo haka?" Na katika muda huo wote muhuri wenyewe ulikuwa unagonga. Tulikuta mkataba wa kukodi ghala miaka mitatu, ghala ambalo hatukuwa na gunia la kuweka.

Msiseme mzee hakusoma. Arm, wale wa Uingereza ambao ubunifu wao wa chipu umo ndani ya karibu kila simu humu ukumbini, yaliwapata. Juni 2020 bodi ya Arm China ilipiga kura, saba kwa moja, kumwondoa mkuu wake Allen Wu. Hakuondoka. Yeye ndiye alikuwa mwakilishi wa kisheria na mihuri alikuwa nayo. Mpaka Aprili 2022 ndipo serikali ilipoandikisha wakuu wapya. Karibu miaka miwili, na hao wana mawakili wa kujaza ukumbi huu.

Wala si wageni peke yao. Mwaka huo huo wa 2020, mwezi wa Aprili, kwenye kampuni ya Dangdang inayouza vitabu mtandaoni, mwanzilishi Li Guoqing, aliyekuwa na ugomvi na mkewe ambaye ndiye aliyekuwa akiiendesha, aliingia ofisini Beijing na watu wake akaondoka na mihuri 47. Alichofuata ni mihuri. Mtu aliyezaliwa kule, akaijenga kampuni kule, akipanga vita ya ndoa yake anajua pa kuanzia.

Naona wakili mwenzangu pale mbele anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema. Utasema Kanuni ya Madai ya China, iliyoanza Januari 2021, inakubali sahihi, muhuri au alama ya kidole. Kweli. Utasema Mahakama ya Juu ya Umma mwaka 2019 iliwaelekeza majaji wamtazame mtu aliyegonga, kama alikuwa na mamlaka, wasiutazame muhuri tu. Kweli tena, na ndiyo maana tulishinda. Lakini binti wa benki si jaji. Karani wa forodha si jaji. Wewe unaongelea siku ya hukumu, mimi naongelea Jumatatu asubuhi mshahara wa watu unapotakiwa.

Mwingine atasema mambo yamehamia kwenye simu, kuna muhuri wa kielektroniki. Vizuri. Simu ya nani? Leseni ya kielektroniki inapakuliwa na mwakilishi wa kisheria, kwa uso wake mbele ya kamera. Tumehamisha droo tu, tumeitia mfukoni.

Na Wakenya waliopo, msinicheke. Ninyi 2020 mmefuta ulazima wa muhuri wa kampuni kwenye sheria zenu, hongereni. Mimi bado naamini Mswahili anapaswa kulielewa hili kuliko Mzungu yeyote. Nani hapa hajawahi kumsubiri mtendaji wa mtaa, barua imeandikwa, sahihi imewekwa, na muhuri ameondoka nao kwenda msibani? Tunajua! Halafu tukivuka bahari tunasahau.

Cha kufanya ni rahisi. Mwakilishi wa kisheria awe mtu mmoja, mtunza muhuri awe mwingine, na wasiwe mtu na shemeji yake. Wengine huuweka kwa kampuni ya uhasibu kwa ada ya mwezi, lipeni. Kuwe na daftari: tarehe, hati gani, nani ameomba, nani amegonga, picha inatumwa nyumbani kabla ya wino kukauka. Vile vidude vya benki, kimoja kibaki kule, kile cha kuidhinisha kipande ndege kuja huku. Na yote hayo yaandikwe kwenye katiba ya kampuni, ile mliyonakili kwa jirani bila kuisoma.

Sasa kuna hili la "China ni kujuana, sheria hakuna". Nimechoka nalo. Kujuana kupo, kunakufungulia mlango na kukupatia namba ya mtu. GlaxoSmithKline, kampuni ya dawa ya Uingereza, nayo ilijuana na madaktari, ikajuana nao sana. Septemba 2014 mahakama ya Changsha ikaipiga faini ya yuani bilioni 3 kwa rushwa. Anayekwambia bahasha ndiyo utamaduni wa Wachina anauza bahasha.

Mada ya pili, jina. Kampuni ya China ina jina moja tu la kisheria, na ni la Kichina. Lile la Kiingereza kwenye kichwa cha barua ni pambo. Mnasaini na "Global" nani sijui "International Limited", ukienda mahakamani huyo hayupo. Chukua leseni ya kiwanda, linganisha herufi na zile zinazozunguka nyota kwenye muhuri, moja moja, hata kama hujui kuzisoma, macho unayo. Chukua namba ya tarakimu na herufi 18, iingize kwenye daftari la wazi la serikali yao, ni bure. Na akaunti ya kulipia iwe na jina hilo hilo. Ukiambiwa ulipe kwenye akaunti ya binamu, simama hapo.

Na jina lako wewe mwenyewe liandikishe kule kabla hujasafirisha hata sampuli, kwa herufi za Kilatini na kwa Kichina. Alama ya biashara ni ya aliyewahi kuandikisha. Usipojipa jina la Kichina, soko litakupa, na mwenzio ataliandikisha. Michael Jordan, Jordan yule wa kikapu, alishtaki mwaka 2012 kwa sababu kampuni ya Fujian ilikuwa inauza viatu kwa jina Qiaodan, ndivyo Wachina wanavyolitamka lake. Desemba 2016 Mahakama ya Juu ikampa herufi za Kichina, ikamnyima zile za Kilatini. Jordan! Sasa wewe na kahawa yako ya Mbinga. Mwaka 2019 walibadilisha sheria wakabana wanaoandikisha majina kwa nia mbaya, imesaidia, lakini ada ya kuandikisha bado ni ndogo kuliko tiketi yako ya ndege.

Mwenyekiti ameinua karatasi. Dakika tano. Haya, mbio mbio.

Wafanyakazi: mkataba wa maandishi ndani ya mwezi mmoja, ukipitiliza unalipa mshahara mara mbili. Majaribio hayazidi miezi sita. Kumwachisha mtu si kumwambia "kesho usije"; andaa mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka aliotumika, na uwe na sababu.

Mtaji: tangu tarehe 1 Julai 2024, mtaji uliouandikisha uulipe wote ndani ya miaka mitano. Wale mlioandika yuani milioni 10 ili muonekane wakubwa, tuonane nje.

Faida: kabla ya kuileta nyumbani, asilimia 10 inabaki kwenye akiba ya kampuni mpaka ifike nusu ya mtaji. Ugomvi: andikeni usuluhishi kwenye mkataba, China imo kwenye Mkataba wa New York, ule wa nchi kutambua uamuzi wa wasuluhishi wa nchi nyingine, tangu 1987, sisi Tanzania tangu 1964, tuzo ya msuluhishi, yaani uamuzi wake, inasafiri vizuri kuliko hukumu ya mahakama yetu ya Kisutu. Kodi nina kurasa nne hapa, sitazisoma. Kufunga kampuni ni mhadhara mwingine, na unasikitisha.

Swali moja? Mama pale nyuma.

Anasema kampuni yake iko Guangzhou, muhuri ameuacha kwa mtoto wa dada yake anayesoma kule, kijana mwaminifu, je, ni sawa?

Mama, mara ya mwisho kuuona ni lini? ... Mwaka jana. Sawa. Hapa ni saa kumi na moja jioni, kule ni saa nne usiku, mwanafunzi hajalala. Mpigie sasa hivi. Mwambie autoe, agonge kwenye karatasi nyeupe, aandike tarehe ya leo pembeni, akutumie picha.

Hapana, usitoke nje, piga hapo hapo. Sisi tutasubiri. Mwenyekiti, chai inaweza kuja.