Miwani haimharibii mtoto macho

Wazee, shikamooni. Walimu, habari za mchana. Hili nimelisema Arusha, nimelisema Himo, leo nalirudia hapa Moshi: miwani haimharibii mtoto macho. Mama pale ameshatikisa kichwa. Subiri kidogo, mama.

Jicho la mtu mzima lina urefu wa kama milimita 24 toka mbele hadi nyuma. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ndiyo inayopinda mwanga kwa sehemu kubwa, lenzi inamalizia, picha inatua kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho, kichwa chini miguu juu, ubongo unaisoma sawasawa. Hayo mlisoma shule. Sasa jicho likirefuka kwa milimita 1 tu kupita kiasi, picha inatua kabla ya retina, na kila kilicho mbali zaidi ya nusu mita hivi kinaingia ukungu. Kile kistari kidogo cha rula! Mtoto huyo ndiye mnayemwita mvivu.

Mimi nilikuwa yeye. Darasa la sita ubaoni kuna 3, mimi naandika 8, nachapwa. Nikichungulia daftari la jirani, nachapwa kwa kuibia. Hiace nilizitambua kwa sauti ya konda. Siku moja konda kanyamaza, nikapanda ya Pasua badala ya Kiboriloni, nikashushwa mwisho wa gari na kikapu cha nyanya za mama, nalia. Nilipopata miwani nilisimama stendi nikasoma KIBORILONI gari likiwa bado linakuja. Nikaliacha lipite makusudi, nisome na linalofuata.

Mtaniambia, "Mbona akiivua anaona vibaya kuliko zamani?" Anaona vilevile, ila sasa ameshajua kuona vizuri kukoje. Na namba ya miwani ikipanda, ni kwamba mtoto anakua na jicho linarefuka. Viatu vikimbana mwakani, utasema viatu ndivyo vilivyomkuza mguu? Karoti mpeni, vitamini A inakinga upofu wa usiku, lakini hakuna karoti inayofupisha jicho.

Naonyeshwa saa. Haraka basi: jicho fupi linataka lenzi mbinuko, iliyotuna katikati. Konea iliyopinda kama yai inachafua mistari ya upande mmoja kuliko mwingine, miwani yake ina mhimili, yaani lenzi imeelekezwa kwa jicho lake, usimwazime mtu. Na ninyi wa miaka 40 kwenda juu mnaosoma meseji kwa mkono ulionyooka, lenzi imekakamaa, tuonane nje.

Mama, mlete huyo mtoto. Asimame pale mlangoni, herufi nimebandika mita 6 kutoka hapo. Na wewe usimnong'oneze.