Begi la Kaiti Halipimwi kwa Macho

Asanteni sana. Kabla sijaanza, begi langu ni hili hapa miguuni. Nimelifunga jana usiku kama mtu anayesafiri leo, na mizani ya kuning'iniza ninayo mfukoni. Kila mmoja wenu akisie kimoyomoyo lina kilo ngapi. Tutalipima mwishoni, mbele ya mashahidi.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi wa kaiti, tunaovutwa na kishada juu ya maji tukiwa tumesimama kwenye ubao, tumeupindua usemi huo: mzigo wetu wenyewe ndio tunaouona usufi. Kitambaa chepesi, kamba nyembamba, ubao unaobebwa kwapani. Tunapanga, tunabana, tunafunga zipu kwa goti, tunafika uwanja wa ndege tunapiga mluzi, na mizani ya kaunta inasoma 27.4. Hiyo 27.4 ni yangu, safari yangu ya pili. Nilivaa suti ya mpira chini ya koti, hanesi juu yake, yaani ule mkanda mpana wa kiunoni unaotuunganisha na kaiti, nikapita ukaguzi nikitoka jasho kama mpishi wa harusi. Yule mkaguzi aliniuliza mara mbili kama naumwa.

Nasema kaiti, wengine mnasema kishada, wengine tiara. Leo tuvumiliane.

Tukumbuke kwanza kwamba tuna bahati. Mwenzetu wa ubao wa tanga anasafiri na mlingoti. Sisi tanga letu lote linaingia kwenye mkoba wa mgongoni, na hilo tunawadai shukrani ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walioandikisha hataza ya kaiti ya kupuliza mwaka 1984. Walichokuwa wanatafuta ni kaiti inayoweza kurushwa tena ikianguka majini, kwa hiyo waliipa mifupa ya hewa. Ukiitoa ile hewa, mifupa haipo tena, unabaki na nguo ya kukunja. Kwa msafiri hiyo ni zawadi ambayo haikukusudiwa.

Lakini begi la kaiti huisha kilo kabla halijaisha nafasi. Mashirika mengi ya ndege yanakupa kilo 23 kwa begi moja katika daraja la kawaida. Unaweza kulipia zaidi, ila ukifika 32 ndipo ukuta ulipo karibu kila mahali, kwa ajili ya migongo ya wanaopakia. Na lile begi refu lenye magurudumu linameza kilo 40 bila kulalamika. Ndiyo maana nawaambia anzeni na mizani, begi baadaye.

Nilifanya hivi: nilitandaza kila kitu sakafuni nikapima kimoja kimoja. Ubao wa sentimita 138 pamoja na mapezi na vikanda vya miguu, kilo 3.6. Kaiti ya mita za mraba 12, kilo 3.6. Ya 9, kilo 3. Fimbo ya kuongozea na kamba zake, 1.5. Hanesi ya gamba gumu, 1.9. Pampu, 1.6. Suti ya mpira, 1.7. Jumla ni 16.9, na nilianza kutabasamu. Kisha nikapima begi tupu: kilo 4.2. Kitu kizito kuliko vyote kilikuwa begi lenyewe! Magurudumu, fito za plastiki, mifuko ya pembeni ambayo sijawahi kuitumia. Nililibadilisha kwa begi la turubai lisilo na magurudumu, kilo 1.9. Nabeba begani, nahema, lakini nimepata kilo 2.3, na hiyo ni karibu kaiti ya tatu.

Mikoba ya kaiti nayo ichunguzeni. Ile inayokuja na kaiti dukani ina mikanda minene na mgongo wa sponji, gramu 600 hivi kila mmoja. Mfuko mwembamba wa kitambaa unatosha. Halafu kuna mchanga. Kaiti niliyoikunja ufukweni jioni niliipima, nikaitandika siku mbili kivulini, nikaikung'uta, nikaipima tena: ilipungua gramu 400. Nilikuwa nasafirisha ufukwe wa watu.

Unyevu una ubaya mwingine kuliko uzito. Kaiti yenye chumvi na maji ikikaa ndani ya begi lililofungwa, kitambaa kinashika ukungu, na tyubu, ile mifupa ya hewa, zinagandana zenyewe kwa zenyewe. Safari ya kurudi ndiyo mtihani, kwa sababu kila mtu anataka kurusha hadi dakika ya mwisho. Mimi siku ya mwisho narusha kaiti moja tu. Nyingine inakuwa imekauka na kulala.

Kukunja. Fungua valvu zote, ya kupulizia na ya kutolea, na uziache wazi. Kuna watu wanaogopa kwamba tyubu itapasuka angani. Sehemu ya mizigo ina mgandamizo wa hewa kama tuliko sisi abiria, na hewa ya ndani ya ndege hushuka mpaka kiwango cha mlima wa mita 2,400 hivi, zaidi ya hapo haishuki. Hewa iliyobaki ndani ya tyubu hutanuka kwa theluthi moja. Haitapasua kitu, ila itafura, itasukuma zipu, na wewe ulikuwa umeshabana kila kona. Kunja kuanzia ncha mbili kuelekea katikati, ukikandamiza hewa itoke, kisha laza juu ya ubavu wa kati. Valvu ni plastiki ngumu: usiikunjie tyubu juu yake, maana begi likikaliwa na masanduku kumi, ile plastiki ndiyo itakayotoboa.

Ubao unakaa katikati, kaiti moja chini na moja juu, kama nyama ndani ya mkate. Kinachovunjika kwenye ubao ni ncha, kwa sababu begi refu hushushwa kwa kusimamishwa, tena si kwa upole. Mimi navisha ncha moja miguu ya suti ya mpira na ncha nyingine mikono yake. Mapezi yatoke. Ubao wa kawaida una mapezi manne, na kila moja skrubu mbili, jumla nane. Skrubu hizo pamoja na bisibisi nyota fupi ziwe na makao ya kudumu. Nimeona mtu mzima akizunguka ufukweni akiombaomba skrubu kama anayetafuta moto wa sigara.

Wenye foili, lile bawa la chini ya maji linaloinua ubao, nanyi: mlingoti wa alumini na skrubu za chuma cha pua vikiwa na maji ya chumvi huumana. Ukiiacha imeungwa wiki mbili, siku ya kusafiri haifunguki, na foili iliyoungwa haiingii begi lolote. Ifungue kila jioni, na skrubu uzipake grisi.

Sasa kamba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo niliposomeshwa. Begi langu lilifunguliwa njiani na wakaguzi, wana haki hiyo, na waliacha karatasi ya kunijulisha. Nafikiri walitaka kuona pampu, maana kwenye mashine ni bomba refu lenye fimbo ndani. Ili kuifikia pampu waliitoa fimbo yangu, kamba zikafunguka, wakazishika kwa mafungu na kuzirudisha kwa kuzishindilia. Kamba nne, kila moja mita 22. Nilifika, upepo unavuma kilomita 35 kwa saa, wenzangu wanaruka, na mimi nimepiga magoti mchangani na kitu kama kiota cha kunguru. Ilinichukua muda wa saa mbili na nusu. Mtoto mmoja alikuja akakaa kando yangu, akanisaidia kimya kimya, na ndiye aliyepata fundo la mwisho.

Tangu hapo fimbo yangu nimeizungushia kamba kwa mtindo wa nane, nikafunga kwa mpira, nikaitia ndani ya soksi ndefu yenye kamba ya kukaza. Pampu iko juu kabisa, mtu akifungua zipu aione bila kugusa kingine. Na juu ya pampu kuna picha niliyoichapa, mimi na kaiti hewani. Mkaguzi akiona picha, vitu vyote vilivyobaki vinajieleza.

Vya kuacha au kuhamisha. Gundi ya kuzibia mpira huwaka moto, haipandi ndege, chini wala juu. Viraka vya kubandika vinaruhusiwa, na kwa tyubu vinatosha. Kisu kidogo cha kukatia kamba kiende kwenye begi la chini, na wengi wenu mmekisahau kiko ndani ya mfuko wa hanesi. Mkibeba hanesi mkononi mtakumbushwa. Fulana ya kuokolea yenye mtungi wa gesi inahitaji ruhusa ya shirika mapema. Betri za lithiamu za akiba, pamoja na ya pampu ya umeme, zibaki nawe ndani ya ndege, kamwe zisiende chini: hadi wati-saa 100 bila kuomba, kati ya 100 na 160 kwa kuomba, zaidi ya hapo hapana. Usipoona wati-saa kwenye betri, zidisha volti kwa ampea-saa. Betri kubwa ya foili ya umeme haitapita, msihangaike kubishana.

Kuhusu vipimo, kikomo kinachotumika sana ni sentimita 158, urefu na upana na kimo ukivijumlisha. Ubao wa 138 peke yake umekaribia kumaliza hesabu. Kwa hiyo usisome ukurasa wa mizigo, soma ule wa vifaa vya michezo, ambao huwa umejificha. Shirika moja litahesabu begi la kaiti kama begi lako la kawaida, jingine litatoza ada kila safari, jingine litataka uandikishe mapema. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, una kanuni mbili tofauti. Omba jibu kwa maandishi na ulichapishe. Mtu wa kaunta anabishana na mdomo, habishani na karatasi. Na uliza aina ya ndege ya kipande cha mwisho. Ndege ndogo ya mapangaboi inaweza kukuchukua wewe ikaacha ubao.

Najua mnangoja nitaje gofu. Ndiyo, wako wanaouza mabegi ya kaiti yaliyochongwa kama begi la gofu, kwa sababu baadhi ya mashirika huwapendelea wenye gofu. Rai yangu: umbo la begi ni la kwako, neno la mdomoni liwe la kweli. Siku moja atakuuliza mpenzi wa gofu, na utashindwa kumwambia una fimbo ngapi. Ubao wa vipande viwili unaoungwa kwa skrubu ni suluhisho la heshima zaidi. Ni mzito kidogo na mgumu pale katikati, lakini unaingia sanduku la kawaida.

Au kodi ubao huko uendako. Mimi ubao wa kukodi nausamehe kasoro zake baada ya nusu saa. Hanesi siwezi, hanesi ni kama kiatu, ya mtu mwingine itakuchubua mbavu. Ndiyo maana begi la mkononi nalifunga kana kwamba lile kubwa halitafika: hanesi bila kisu, fimbo na kamba, na kaiti ya 9 niliyoikunja upya mara tatu iingie katika sentimita 55. Vinakaribia kilo 7, kwa hiyo angalieni kikomo chenu. Fimbo imewahi kurudishwa kaunta mara moja, mkaguzi hakuzipenda kamba, kwa hiyo fikeni na muda wa kurudi foleni. Nikifika bila begi kubwa, nakodi ubao, naazima pampu, naingia majini.

Likichelewa au likivunjika, usitoke ukumbi wa mizigo bila ripoti yenye namba. Safari nyingi za kimataifa ziko chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999. Kilichovunjika kidai kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipopokea begi, kilichochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Begi lisilofika kwa siku 21 unaweza kulihesabu limepotea. Tangu Desemba 2024 kikomo cha fidia kwa abiria ni haki maalumu za fedha 1,519, kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, takriban dola 2,000 za Marekani. Jumlisheni bei ya kaiti mbili mpya na ubao muone kama inafika. Kama haifiki, unaweza kutangaza thamani kubwa zaidi kaunta na kulipia, au kuwa na bima inayotaja mchezo huu kwa jina. Piga picha za vitu kabla ya kufunga zipu, na ubao uupige picha pande zote mbili.

Haya, begi. Naomba mtu mmoja mwenye mgongo mzima aje anishikie. Inua. Usitikise, namba inacheza. Someni kwa sauti.

Kilo 23.3.

Cheka, cheka tu. Ni taulo, halikukauka. Nani ana swali wakati nafungua zipu?