Dhamana Si Bei: Fyucha za Hisa na Biashara ya Siku Moja

(Mhadhara kwa wanachama wa chama cha akiba na mikopo, Mombasa)

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Hisa ni nini na dalali ni nani mnajua, wengi wenu mna akaunti za CDS, zile za kuwekea hisa kwa kompyuta, tangu Safaricom ilipouzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5, kwa hiyo huko sirudi. Nimeombwa nijibu swali moja: kijana mwenye elfu ishirini na tano anunue na kuuza hisa zenyewe siku hiyo hiyo, au aingie kwenye fyucha za hisa hizo hizo, yaani mikataba ya ahadi ya kununua au kuuza hisa tarehe ya mbele kwa bei inayokubaliwa leo?

Swali hili naulizwa kila wiki, na kila wiki linakuja limepinda. Watu wanalinganisha pesa ya kuingilia. "Mzee, fyucha ni rahisi, hisa elfu moja napata kwa elfu mbili na mia tano." Hapana! Hujazipata. Hujanunua kitu. Umeweka dhamana ya ahadi.

Alikuja kwangu kijana mmoja wa Kisauni na daftari lake la hesabu, lile la mraba. Kijana nadhifu, ana akili. Amepiga mistari kwa rula: tarehe, idadi, bei, faida. Faida kwa kalamu ya bluu, hasara kwa nyekundu. Nikaangalia safu ya bei. Hisa ilikuwa shilingi 20 sokoni, mkataba mmoja ni hisa 1,000, kwa hiyo thamani yake ni shilingi 20,000. Yeye kwenye safu ya bei ameandika 2,500. Nikamuuliza, hii ni nini? Akasema, ndiyo bei, ndiyo niliyolipa. Basi nikajua hadithi iliyobaki kabla hajanisimulia.

Alichukua mikataba kumi. Dhamana 25,000, akiba yake yote. Lakini alichokibeba mgongoni ni hisa 10,000 zenye thamani ya shilingi 200,000. Jumatatu bei ikashuka senti 90. Kwenye fyucha hakuna kusubiri: kila jioni hesabu inafungwa, aliyepata anapewa, aliyepoteza anakatwa. Senti 90 mara hisa 10,000 ni shilingi 9,000. Ujumbe ukaingia kwenye simu: ongeza dhamana. Akakopa kwa dada yake, akaongeza. Jumanne senti 70 nyingine, shilingi 7,000, ujumbe mwingine. Hana. Jumatano asubuhi mikataba ikafungwa kwa shilingi 18.40. Alitoa 34,000, akarudishiwa 18,000. Wiki mbili baadaye hisa ile ilikuwa shilingi 20.30.

Jamani, sikilizeni hapo. Kuhusu kampuni alikuwa sahihi! Bei ilipanda alivyosema itapanda. Angenunua hisa zenyewe kwa ile 25,000 angepata hisa 1,250, na siku ile ya shilingi 18.40 hasara yake ingekuwa 2,000 za kwenye karatasi. Angezikalia, hakuna wa kumpigia simu. Kilichomtoa sokoni ni lile daftari. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na dhamana ni kukopa hata kama hakuna fomu ya mkopo uliyotia saini.

Kwa hiyo nawaambia, kama mnataka fyucha, andikeni thamani nzima ya mkataba kwenye safu ya bei. Elfu ishirini. Ukiwa na elfu ishirini pembeni kwa kila mkataba, ingia, hakuna simu itakayokutoa. Ukiwa na elfu mbili na mia tano tu, huna mkataba.

Naona kuna anayetikisa kichwa. Atasema: mimi nitafunga kila kitu kabla ya saa tisa alasiri, silali na mkataba. Sawa, umekwepa hofu ya usiku. Lakini utamfungia nani? Soko la fyucha Nairobi lilifunguliwa Julai 2019, na hadi leo wanunuzi ni wachache. Ukiangalia skrini unaweza kukuta muuzaji yuko 20.40, mnunuzi yuko 19.70, katikati hakuna mtu. Ukilazimika kutoka, utatoka kwa 19.70. Wala msidhani ni sisi tu. Chicago walikuwa na soko zima la fyucha za hisa mojamoja, OneChicago, lilianza 2002 na likafungwa 2020. Huko Marekani, kwenye pesa zote zile!

Sasa msinielewe kwamba nawasukuma kwenye kununua na kuuza hisa siku moja. Hilo nalo lina mdomo wake, na mdomo wenyewe ni ada. Nairobi iliruhusu biashara hiyo Novemba 2021, na soko likapunguza ada yake ya upande wa pili, yaani ya kuuza ulichonunua siku hiyo hiyo, kutoka asilimia 0.12 hadi 0.114. Kwa biashara ya shilingi 20,000 umeokoa shilingi moja na senti ishirini. Dalali wako je? Tuseme ada zote pamoja ni asilimia 2 kununua na 2 kuuza: hapo ni shilingi 800 kwa hisa 1,000. Bei lazima ipande senti 80 ndipo uwe hujala hasara. Hisa ya shilingi 20 kupanda senti 80 baina ya asubuhi na saa tisa, mnaiona mara ngapi? Yule kijana hakuwa na safu ya ada. Ulizeni ada kwanza, kwa maandishi, kabla ya kuuliza hisa gani.

Fyucha ina mahali pake, na mahali hapo ni kwa mwenye hisa nyingi anayeogopa bei kushuka: anauza fyucha, anabaki na hisa zake na gawio lake. Mwenye fyucha peke yake gawio halimfikii, hilo andikeni. Mikataba inaisha Machi, Juni, Septemba na Desemba, nalo andikeni. Ya kuuza kwanza na kununua baadaye nilikuwa nimeyaandaa, lakini naona saa imekwenda na watu wana swala.

Mwalimu pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja daftari. Haya mwalimu, tuanze na wewe.