Saladi ya samaki bila kuwasha jiko

Assalamu aleikum mama zangu, na nyinyi mlio pale nyuma sogeeni kidogo manake feni inameza sauti.

Leo hatuwashi jiko. Nina mikebe miwili ya sadini hapa, kitunguu, tango, nyanya, embe bichi, ndimu, kipande cha tangawizi na kotmiri, basi, dakika kumi tunakula. Sasa najua mtu wa Lamu lazima aulize, mkebe wa nini na jodari yuko pale gatini? Ni kwa sababu nimesema bila kupika, na sitaki mtu yeyote hapa ale samaki mbichi kwa kutegemea ndimu. Ndimu inageuza nyama ikawa nyeupe ukadhani imeiva, kumbe bakteria na minyoo wanaweza kuwa wazima mle ndani. Halafu jodari au nguru akikaa kwenye joto bila barafu, bakteria wanatengeneza histamini kwenye nyama, na hiyo ikishaingia haitoki hata umkaange mpaka akauke, ukimla uso unakuwa moto, ngozi inawasha, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, na wengi husema ni aleji kumbe samaki hakutiwa barafu mapema. Huyu wa mkebe kapikwa humo humo baada ya mkebe kufungwa, ndio maana unafungua unakula.

Haya, hii inflamesheni wanayosema madaktari. Ukijikata kidole kinavimba, kinakuwa chekundu, huo ni mwili unajilinda na unapoa wenyewe. Shida ni uvimbe ule unaoendelea chini kwa chini miaka na miaka, kwenye magoti, kwenye mishipa ya damu. Mafuta ya samaki, ile omega-3, mwili unayatumia kutengeneza vitu vya kuutuliza. Sadini na wale samaki wanaoitwa una wanayo mengi, tuna ya mkebe kwa kawaida inayo kidogo, kwa hivyo mimi pesa yangu naiweka kwa sadini. Chama cha Moyo cha Marekani kinashauri samaki mara mbili kwa wiki, kama gramu 85 kila mara akiwa ameshapikwa, hasa hawa wa mafuta. Lakini ni chakula tu, mwenye vidonge vya baridi yabisi tafadhali asiviache.

Tazameni kitunguu. Nakata nyembamba kabisa, natia chumvi, nafikicha kwa vidole mpaka kitoe maji yake, naosha, nakamua, ule ukali umekwisha na bado kinalia chini ya meno. Embe naparuza, tangawizi naparuza nusu kijiko. Sadini usimtoe mifupa, ni laini hiyo na ndiyo yenye kalsiamu, mvunje kwa uma vipande vipande, asiwe uji. Kamua ndimu, kijiko cha mafuta ya zaituni, manjano kidogo tu na pilipili manga, manake pilipili manga inasaidia mwili kuichukua manjano. Nyanya na tango mwisho kabisa wasije wakatoa maji. Mayonezi hapana jamani, inafunika ladha yote.

Mwenye presha asome chumvi kwenye karatasi ya mkebe, au awasuuze sadini kwa maji kidogo. Mwenye jongo azungumze na daktari kwanza kabla ya kuwazoea, sadini wana purini nyingi nazo humpandishia asidi ya yuriki kwenye damu. Na ikibaki itoe kwenye mkebe, itie bakuli lenye kifuniko, friji hapo hapo, kwa joto letu hili isikae mezani hata saa moja.

Naam mama? Dagaa wakavu wa sokoni? Hao hapana, wengi wao wameanikwa tu, hawajaiva, na mchanga juu. Waoshe, wapike, wakishapoa changanya na hii hii kachumbari. Haya nani ana kijiko?