Nyumba Inapomwambia Ndege Kwamba Mvua Imenyesha: Mhadhara Kuhusu Tabia za Uzazi kwa Baji Wachanga

Mabibi na mabwana, wazazi wenzangu, nanyi vijana mliokuja na madaftari yenu, karibuni.

Mwaka jana, katika wiki ya kwanza ya Ramadhani, mama mmoja alinipigia simu akaongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia aibu ya nyumbani. Ndege wa mwanawe, baji (yule kasuku mdogo wa kufugwa) dume wa miezi saba, alikuwa na mazoea ya kujisugua kwenye kengele ya plastiki iliyoning'inia ndani ya tundu lake, kisha kuicheulia punje za uwele moja baada ya nyingine, na jana yake alikuwa amefanya hivyo mbele ya wageni waliokuja kufuturu. Mama aliniuliza mambo matatu kwa mkupuo: je, ndege huyu ni mgonjwa, je, ameharibika tabia, na je, aadhibiwe vipi? Nilimjibu kwamba si mgonjwa, hajaharibika, na adhabu haitamfaa kitu, kwa sababu ndege yule alikuwa akitii habari alizopewa na nyumba yenyewe. Habari hizo ndizo nitakazozizungumzia leo.

Tuanze na asili yake. Baji ni kasuku mdogo wa nyanda kame za bara la Australia. Wapo wanaomchanganya na wale kasuku wadogo wa mikia mifupi walioko Serengeti na maeneo ya jirani, lakini hao ni jamii nyingine kabisa. Baji wa kwanza walio hai walifikishwa Uingereza mwaka 1840 na mtaalamu wa ndege John Gould, na tangu hapo wamezalishwa matunduni kizazi baada ya kizazi, hata wakapata rangi ambazo huko porini hazionekani. Rangi zimebadilika, lakini mwili umebaki na kumbukumbu ya nyika.

Katika nyika ile mvua haifuati kalenda. Sisi tuna masika na vuli, na hata zikichelewa tunajua tunasubiri nini. Ndani ya Australia eneo moja linaweza kukaa muda mrefu bila mvua ya maana, kisha ikanyesha kwa ghafla. Kwa hiyo makundi ya baji huhamahama yakitafuta maji na mbegu za nyasi, na mvua inyeshapo na nyasi kuzaa, kundi hutua, majike huingia katika mapango yaliyo ndani ya vigogo vya mikalitusi, na kazi ya uzazi huanza bila kupoteza siku. Jike hutaga yai moja takriban kila baada ya siku mbili mpaka yafike manne, matano, sita au zaidi. Huatamia kila yai kwa siku zipatazo 18. Na makinda hutoka kiotani wakiwa na umri wa siku 30 hadi 35. Chakula kikiwa bado kipo, jike huanza upya. Ndege wa namna hii hawezi kuwa na mwili unaolala hadi msimu fulani ufike. Mwili wake hukaa karibu na utayari, ukisubiri dalili tu: chakula tele, maji, pango lenye giza, sauti ya dume, na mwanga wa siku ndefu.

Sasa tazameni sebule zetu. Bakuli la mbegu limejaa pomoni asubuhi na jioni. Maji yapo. Ndani ya tundu kuna chungu au kifuu cha nazi ambacho muuzaji alikitoa kama zawadi ili mnunuzi aondoke ameridhika. Kuna kioo, na ndani ya kioo yumo mwenzi asiyechoka wala asiyekataa. Kisha kuna taa. Hapa Pwani, kama ilivyo popote karibu na ikweta, jua hutupa takriban saa 12 za mchana mwaka mzima, na hicho ni kipimo kizuri kwa baji; lakini ndege anayeamshwa na jua saa kumi na mbili asubuhi na kuzimiwa taa ya sebule saa tano usiku, baada ya taarifa ya habari na tamthilia mbili, ameishi siku ya saa 17. Kwa hesabu za mwili wake, mvua imenyesha, nyasi zimezaa, pango lipo, mchumba yupo. Atafanya nini kingine?

Ndiyo maana nasema dawa ya kwanza ni giza. Mpeni ndege saa 12 za usiku, hata 13, katika chumba kisichokuwa na televisheni. Anayesema atamfunika kwa kanga na kumwacha palepale sebuleni anajidanganya, kwa sababu mwanga hupenya kanga na kelele haifunikwi. Kama hakuna chumba kingine, tumieni shuka zito na kuacha upande mmoja wazi ili hewa ipite, na watu wapunguze sauti. Mara nyingi hatua hii peke yake huanza kuleta mabadiliko katika wiki chache, na haigharimu senti.

Ya pili ni chakula, na hapa naomba nieleweke vizuri, maana wapo waliosikia nusu ya maneno haya wakamnyima ndege chakula. Kiumbe mwenye uzito wa gramu 30 au 40 hana akiba ya kufunga siku nzima. Mpeni mbegu kwa kipimo, kijiko kimoja cha chai na nusu hivi kwa siku kwa ndege mmoja, badala ya bakuli lisilokauka, na mwongezeeni sukuma wiki na karoti. Mayai ya kuchemsha na nafaka zilizooteshwa, ambavyo wengi huwapa baji wachanga “ili wapate nguvu,” ni vyakula vya mzazi anayelea makinda. Mviondoe kwa muda tabia hizi zinapozidi. Na kwa kuwa tuko katika nchi ya maparachichi, niseme kwa kupita kwamba parachichi ni sumu kwa ndege hawa, hata kipande kidogo.

Ya tatu ni pango. Ondoeni chungu, kifuu, sanduku na kila kitu ambacho ndege anaweza kuingia na kufunikwa na kivuli. Jike anayeachiwa kuruka ndani ya nyumba atajitafutia mwenyewe: nyuma ya mto wa kochi, ndani ya droo iliyoachwa wazi, juu ya kabati kati ya maboksi. Mkimwona anatafuna boksi kwa bidii na kuingiza kichwa katika kila uwazi, hapo hachezi, anakagua nyumba ya kupanga.

Kuhusu vitu anavyovipenda, yaani kengele, kioo na midoli, kanuni ni fupi: kile anachokicheulia kila siku kiondolewe, na mahali pake pawekwe kitu cha kumshughulisha, kama tawi bichi la mpera la kutafuna au mboga iliyofungwa juu ili aitafute kwa jasho. Kujisugua mara moja moja hakumdhuru. Kucheua mfululizo ndiko kunakoweza kumpunguza uzito na kuuchubua mfuko wa chakula ulio kooni. Msimpigie kelele, kwa sababu kwa kasuku kelele ni mazungumzo, na atarudia ili mzungumze tena. Watoto nao waambiwe mapema kwamba ndege hupapaswa kichwani tu. Mkono unaopita mgongoni na chini ya mkia, kwa upande wake, ni mkono wa mwenzi wa ndoa. Akianza kuupanda mkono, arudishwe kijitini kwa utulivu, bila kucheka na bila kukemea. Najua kutocheka ni kugumu.

Nifike kwenye jambo linalonisumbua zaidi, nalo ni umri. Baji huweza kupevuka akiwa na miezi minne hadi sita, wakati mifupa na misuli yake haijakamilika. Wafugaji waangalifu hawamruhusu jike kutaga kabla ya miezi 10 hadi 12. Lakini anayenunua wawili sokoni huambiwa “hawa ni ndugu wa kiume,” naye hana namna ya kuthibitisha, kwa sababu kinda ambaye bado ana mistari hadi kwenye paji la uso, mistari inayotoweka anapobadili manyoya kwa mara ya kwanza katika umri wa miezi mitatu au minne, hajaonyesha jinsia yake waziwazi. Baadaye ngozi laini iliyo juu ya mdomo, penye pua, huwa ya buluu kwa dume, na kwa jike huwa nyeupe hadi kahawia, ikikolea na kuwa ngumu anapokuwa tayari kwa uzazi. Hata hapo, madume wa rangi fulani, hasa wale wa manjano matupu au weupe wenye macho mekundu, hubaki na rangi ya waridi inayowapotosha hata wazoefu. Na wakiwa kweli ni kaka na dada, msitegemee kwamba wataheshimu undugu.

Wengi hudhani kuwatenga katika matundu mawili kunatosha. Hakutoshi wakibaki chumba kimoja. Katika miaka ya 1960 mtafiti Barbara Brockway alionyesha kwamba sauti ya uchumba ya dume, ule mnong'ono mrefu usiokatika, huchochea ovari za jike na kumfanya atage. Kwa hiyo jike anayelisikia dume kutwa nzima ameshaanza safari bila kuguswa. Wapo hata majike wanaotaga wakiwa peke yao, mayai yasiyo na mbegu, kwa sababu ya mwanga, chakula na pango tu. Ikiwa mnataka wawili bila makinda, chagueni madume. Watabembelezana na kulishana, nanyi waacheni. Majike wawili ni kesi nyingine, hasa likiwapo shimo la kugombania.

Na yai likitokea? Hapa nina deni la kukiri. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na jike wa kijani, wa miezi minane, aliyetaga kwenye sakafu ya tundu, nami kwa kujiona mwerevu niliondoa kila yai lilipotoka. Sikujua kwamba jike huhesabu kwa macho na kwa tumbo lake, na kwamba anayeona yai limepotea hutaga jingine. Alitaga kumi na moja. La kumi na mbili lilikwama, nikamkuta asubuhi amekwisha kufa. Tangu siku hiyo nawaambia watu: acheni mayai yawepo, au yabadilisheni kwa mayai bandia ya ukubwa uleule, na kama dume amempanda na hamtaki makinda, yachemsheni yakiwa mapya, yapozeni, kisha yarudisheni. Ataatamia takriban wiki tatu, atachoka, ataondoka mwenyewe, na hapo ndipo mtayaondoa.

Wakati huo mwili wake unachota chokaa kwenye mifupa ili kuunda maganda. Pwani tuna bahati, kwa sababu ule mfupa mweupe mwepesi wa ngisi hutupwa ufukweni na bahari bure. Ulowekeni katika maji baridi kwa siku kadhaa, mkiyabadilisha, ili chumvi itoke, kisha uanikeni na kumfungia tunduni. Mpeni pia jua la asubuhi lisilopitia kwenye kioo cha dirisha, na kivuli cha kukimbilia. Jike aliyejikunyata sakafuni huku manyoya yamefura, mkia ukipanda na kushuka kila anapovuta pumzi, akijikamua bila yai kutoka, ana saa chache tu. Mwekeni mahali penye joto la nyuzi 28 hadi 30, msimkamue tumbo kwa vidole, na mfikisheni kwa daktari wa mifugo muda huohuo.

Mama wa kengele je? Kengele iliondoka, na tundu likawa linahamishiwa chumba cha nyuma kila siku saa moja jioni, familia ikiendelea na futari yake. Wiki tatu baadaye, siku ya Idi, alinipigia kunitakia heri, akaniambia ndege ametulia isipokuwa amemwona akikiinamia na kukinong'oneza kijiko cha chai ambacho mtoto alikisahau juu ya tundu. Nikamwambia kijiko akirudishe jikoni.