Mtungi wa Gesi Usiokuwapo: Mhadhara Kuhusu Ukaguzi wa Foklifti wa Kila Siku

Ndugu wasimamizi wa maghala, nanyi ndugu waendeshaji,

Mliowahi kunisikiliza mnajua kwamba huwa sianzi na sheria. Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi mnayo ofisini, na baadhi ya nakala bado zimo ndani ya nailoni. Nitaanza na fomu ya ukaguzi wa foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo ghalani.

Katika ghala moja hapa Dar es Salaam, nilikabidhiwa jalada la fomu za ukaguzi za miezi mitano, zote zikiwa na alama ya vema katika kila mstari, kwa mwandiko mmoja na wino mmoja. Mstari wa tisa ulisema kwamba mtungi wa gesi umefungwa barabara na mpira wake hauvuji. Vema, kila siku, hata sikukuu ambazo ghala lilifungwa. Nikatoka kuitazama foklifti yenyewe, nikaikuta ni ya dizeli, isiyotumia mtungi wa gesi kabisa. Msimamizi akanieleza, kwa adabu kabisa, kwamba fomu ile waliiazima kwa jirani. Mnacheka, lakini ningependa kujua ni nani kati yenu anayeweza kuapa kwamba jalada lake halina mtungi wa namna hiyo.

Aliyeukagua mtungi usiokuwapo hakuzikagua uma zilizokuwapo, vile vyuma viwili vya mbele vinavyoingia chini ya mzigo. Nilipima kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, kisigino cha uma, yaani pale unapokunja kona kutoka wima kuwa mlalo, nikapata milimita 35, ilhali sehemu ya wima, ambayo haisuguani na sakafu, ilikuwa na milimita 40. Uma uliolika asilimia 10 ya unene wake hutolewa kazini, na kwa uma wa milimita 40 mwisho ni 36. Yupo atakayesema kwamba asilimia 10 ni kidogo, kwani hata soli ya kiatu hulika zaidi ya hapo. Soli haibebi tani mbili na nusu juu ya kichwa cha mwenzako. Nguvu ya chuma kisipinde hufuata unene uliozidishwa kwa unene, kwa hiyo sehemu tisa kati ya kumi za unene hubakiza asilimia 81 tu ya nguvu, na uma zilizotengenezwa kubeba kilo 2,500 zinabaki za kilo 2,000 hivi, huku kibao cha uwezo kikiendelea kusema 2,500. Na anayezimaliza ni dereva anayeziburuza sakafuni, yuleyule anayeona taabu kuinama asubuhi kuzitazama.

Jibu lenu nalijua: fundi huja kila baada ya saa 250 za mashine. Fundi hakuwapo jana usiku zamu ya pili ilipogonga nguzo, wala hatakuwapo kesho alfajiri bomba la haidroliki, lenye mafuta ya kunyanyulia mzigo, litakapoanza kutoa jasho.

Minyororo inayopandisha uma nilikusudia kuizungumzia kwa kirefu, lakini Mwenyekiti ananionyesha saa. Ikirefuka asilimia 3 hubadilishwa, na asiwepo wa kuingiza kidole katika mlingoti, ile nguzo ya mbele ambamo uma hupanda na kushuka, ili kuikagua. Breki, honi, mkanda, matairi na usukani nayaruka, kwa kuwa hayo hata mvivu huyajaribu.

Foklifti iko uani, imezimwa, na ufunguo ninao mimi. Kalipa ni hii hapa. Namwomba aliyesaini fomu ya leo asubuhi atangulie.